Dobi Aliyeufuata Upepo Uchochoroni

Kwa miaka thelathini na moja Dobi alianika nguo uani kwake, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata shati moja lenye unyevu kwenye kola. Alijua kwamba upepo wa pale huamka saa nne, husinzia adhuhuri, kisha hurudi saa tisa na hasira zake. Shati alilianika kichwa chini, vifungo vyote vimefungwa, ili upepo uingilie kwenye pindo na kulijaza tumbo. Likikauka limeshajinyoosha, pasi inapita kusalimia tu. Siku hizi watu wanabonyeza kitufe cha mashine, wanakwenda zao, na nguo zinatoka zimejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Hayo ndiyo wanayoyaita maendeleo.

Asubuhi hiyo metroni wa hospitali alimletea sare nyeupe arobaini za wauguzi watakaokula kiapo jioni.

"Saa kumi, Mama. Zisipokuwa tayari, kuanzia kesho kazi yetu itakwenda kwa wenye mashine."

Saa nne ikafika, sare zikaning'inia kimya. Jirani, muuza saruji, alikuwa amemaliza juzi tu kuinua ghorofa yake, na ukuta wake ulikuwa umeuziba ua mzima. Hadi saa tano sare zilikuwa bado mbichi.

"Wifi, tukubali yaishe," alisema mke wa kaka yake, aliyekuwa akimsaidia kukamua. "Upepo umehama bila kuaga."

"Umehamia wapi? Haukupanda basi!"

Dobi akachomoa uzi wa sufu kwenye shali yake, akaufunga kwenye kijiti na kuanza kutembea nao taratibu. Uani, uzi ulilala. Mlangoni, ukatikisika kidogo. Alipoufikisha kwenye uchochoro mrefu kati ya ukuta wake wa zamani na ule mpya, mahali pa kupita mtu mmoja na ndoo yake, uzi ukanyooka kama kidole. Upepo wote uliozuiwa na ghorofa ulikuwa umebanwa humo, unapiga mluzi.

"Jirani!" aliita. "Naomba kupigilia misumari ukutani kwako."

Muuza saruji alichungulia dirishani. "Ukuta huuhuu unaoutukana tangu juzi?"

"Na bado nautukana. Umeniibia upepo, basi unishikie kamba."

"Haya, pigilia. Ila plasta yangu uionee huruma."

Kamba zikapita mshazari, ukuta hadi ukuta. Sare zikajaa, zikarusha mikono huku na huku kama wauguzi waliochelewa zamu. Wifi alicheka mpaka akakalia ndoo.

Saa kumi kasorobo, pasi ikiwa imeshapita, metroni alitia kidole ndani ya kola ya kwanza, ya pili, ya tano. Kavu.

"Kumbe na wewe umenunua mashine, Mama?"

Dobi alielekeza uchochoroni kwa kidevu. "Ile pale. Haina kitufe. Wiki ijayo niletee na mashuka."