Kobe Wangu wa Maji Baridi

Mimi huogopa hata kusoma sala kwenye gwaride la shule, lakini Ijumaa nilijiamini kupita kiasi. Mwalimu wa Bayolojia alikuwa anachagua mmoja wetu wa kwenda mashindano ya sayansi, na mimi nilikuwa na kobe hai wa maji baridi, wale wa mitoni na maziwani, kwenye beseni. Nilimwokota akielea mlangoni kwetu Nyalenda wakati wa mafuriko. Kila alipojaribu kutoka kwenye beseni nilimrudisha, nikamwongezea maji.

"Ukoo wake ni wa zamani sana," nikaanza, bila kutetemeka. "Ulianza wakati Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja. Hawezi kurudisha kichwa ndani, hukunja shingo kando. Tazameni!"

Nikamgusa pua. Kichwa kikaingia ndani moja kwa moja, kikapotea.

"Ameona haya kama wewe!" Achieng' akasema, na darasa zima likacheka.

Mwalimu akamwinua kobe, akatazama miguu yake minene kama ya ndovu.

"Huyu ni kobe wa nchi kavu. Ulimkuta akiogelea?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alikuwa anazama. Ukamwokoa, ukamweka wapi?"

"Kwa maji, Mwalimu."