Mkufu Nilioupima kwa Shingo Yangu

Cheka ukitaka, nimeshazoea. Hata dada zangu hucheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Bulla Pesa, miaka ya sabini ikielekea kuisha, na sikuwa na homa wala usingizi.

Kazi yangu ilikuwa mikufu. Si ile myembamba ya dukani. Mikufu ya kujaa kifua, ya maharusi na ya wanawake wanaotaka kuonekana kabla hawajafika. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha kuyeyusha riale, zile sarafu kuukuu za fedha, kutoboa kaharabu, na kukalisha vizuri yale mawe mekundu ambayo wafugaji wa Leparua huyaokota kwenye lagga, ile mito mikavu, mvua ikishapita. Tena alinifundisha kuanza na uzi. Humpimi mtu kwa macho. Unazungusha uzi shingoni mwake, unapiga fundo, ndipo unawasha moto.

Alasiri moja akaja mwanamke nisiyemjua. Isiolo ya wakati ule, niamini, mtu usiyemjua alikuwa habari ya wiki nzima. Alikuwa mrefu, amejitanda shela nyeusi, sauti yake ya taratibu.

"Salaam aleikum, Mama Halima," akasema. Halima ni binti yangu, wakati huo bado ananyonya. Nani alimwambia jina hilo? Sikujiuliza, kwa sababu tayari alikuwa amefungua kitambaa na macho yangu yameshaingia humo.

Kilikuwa kigae kidogo cha kauri, ile kauri nyeupe ya vikombe vya wageni, ukubwa wake kama nusu ya limau. Juu yake amechorwa mwanamke wa Kizungu wa zamani mwenye gauni la buluu, kwa brashi nyembamba kiasi kwamba unaziona kope zake. Mimi ni mtu wa kuchungulia. Nilikigeuza, nikakinusa, nikakigonga kwa ukucha.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Babu alikuwa askari. Alirudi nacho kutoka vitani."

Babu yangu naye alikuwa askari, na alirudi na blanketi tu, kwa hiyo niliona wivu kidogo. Akaniambia anataka mkufu mkubwa, kigae katikati, mawe mekundu yakizunguke, kaharabu pande zote mbili. Nikachukua uzi nimpime. Akarudi nyuma.

"Wacha uzi. Pima shingo yako tu. Mimi na wewe tuko sawa."

Nilicheka, maana alinizidi kichwa kizima. Lakini shingo ni shingo, na kuna wanawake hawapendi kuguswa. Nikajipima mwenyewe.

Nilifanya kazi ile kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena. Siku niliyoumaliza, Halima amelala kwenye mkeka, niliuvaa. Lazima uuvae, bila hivyo utajuaje unakwaruza wapi? Nikatia kulabu nyuma ya shingo, nikajitazama kifuani. Ulikuwa mzuri, nakwambia bila haya.

Mara akatokea mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la mbuzi, safari ndefu, maneno machache. Alipofika mlangoni akasimama, akainamisha macho kama mtu aliyekuta mke wa mwenzake.

"Salaam aleikum, mama. Samahani. Mama Halima nimemwacha hapo Wabera dukani saa hii. Anakuja."

"Baba Halima, ni mimi!"

Akatabasamu kwa aibu. "Mama, usinitanie."

Halima akaamka. Nikamnyanyua nimnyonyeshe, akanitazama usoni, akapiga ukelele ambao bado naujua hadi leo. Akajipinda mikononi mwangu kama nimemchoma. Mume wangu akaja haraka.

"Lete mtoto, mama. Anataka mamake."

Akamchukua, akatoka naye barabarani kumngoja mamake. Unasikia? Kumngoja mamake! Nilikimbilia kioo cha ukutani. Uso uliokuwa humo ni wa yule mteja.

Hapo niliogopa, lakini si jini niliyemwogopa. Niliogopa mlango. Mwenye uso wangu alikuwa njiani anakuja, na akimpokea Halima kabla yangu, mimi ningekuwa nani katika nyumba ile? Nikavuta kulabu, haitoki, utadhani imelehemiwa. Nikashika mkasi wa bati, nikakata fedha yangu mwenyewe, nikajikata na ngozi. Mkufu ukaanguka kwenye saruji, mawe yakatawanyika.

Nikatoka mbio. Mume wangu akageuka kule nje. "Eh! Umepitia wapi? Na yule mama ameenda wapi?"

Nilimnyakua mtoto, naye akashika titi palepale, huku mimi nikilia. Baadaye nilikiokota kigae. Gauni la buluu lilikuwapo, lakini pale penye uso palikuwa peupe tupu. Mwenyewe hakurudi kukiulizia.

Lakini kuna jambo lililobaki. Tangu siku ile mume wangu alibadilika. Yeye ambaye hakuwahi kunibebea hata kikombe alianza kunichotea maji bila kuombwa. Akirudi safari anakaa nami, ananisimulia ya barabarani. Nikamuuliza kulikoni.

"Ni yale maneno uliniambia siku ile dukani Wabera," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo."

"Maneno gani?"

Akacheka. "Si ni wewe ulisema?"

Nilimweleza ukweli wote, akadhani naona haya. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamtegea. Kila mara ni kicheko kilekile. Tumeishi vizuri, alhamdulillahi, vizuri kuliko wengi, na sijui kama mume yule nilimpata mimi au nilipewa. Alifariki mwaka juzi, na maneno hayo aliondoka nayo.

Kwa hiyo nisikilize. Siku watu wako wakikuambia wamekuona mahali ambapo hukuwapo, usiwabishie, wala usikimbilie kwa shehe kwanza. Waulize ulisema nini huko. Waulize siku hiyohiyo, kabla hawajayapenda maneno hayo.