Kifumbu cha Mama Mdogo Ndani ya Tangi Langu

Najua mshaisikia, maana Wete nzima imeisikia, na kila aliyeisikia kaitia chumvi yake (kama vile chumvi ya siku ile haikutosha), mpaka majuzi sokoni mtu nisiyemjua hata jina ananisimamisha kuniuliza eti ni kweli mgeni alimeza kaa mzima. Hakumeza kaa. Hakuna aliyemeza kitu. Basi kaeni niwahadithie mwenyewe, aibu ni yangu na nitaibeba, lakini niibebe ilivyo, si hiyo mnayopitishiana barazani.

Mie nashona. Cherehani yangu ipo sebuleni kwa mama, na ubavuni mwa cherehani lipo tangi la samaki, la maji ya bahari, ambalo kaka yangu Faki, fundi wa mafriji, aliniundia kwa vioo vya friji la duka lililokufa. Ndani mna mchanga, mawe, samaki wadogo wa miambani wenye mistari, chaza, konokono, na wale minyoo wa bahari wanaokaa ndani ya mirija yao midogo wakatoa kichwani shada kama kipepeo cha ukili cha kupepelea moto. Maji nachota mwenyewe kwa madumu, bamvua likijaa. Watu huniuliza, Mpemba mzima unaweka bahari ndani na bahari hiyo hapo nje? Nawajibu kwamba nashona mchana kutwa, na nikiinua uso nataka nione kitu chenye roho kisichoniuliza nguo yake itakuwa tayari lini.

Sasa, ugomvi wangu na Faki ulikuwa wa filta. Lile tangi lina pampu inayopandisha maji kwenye kisanduku cha plastiki juu, kisha maji yanashuka tena kwa mpira, na Faki alikuwa haishi kuniambia, "Weka sponji humo kwenye kisanduku, yakhe, ikamate uchafu. Tangi bila ya filta ni karo la kuoshea vyombo." Nikaweka. Sikukataa kwa ubishi tu (ubishi ninao, lakini huo ulikuja baadaye). Niliweka sponji, maji yakang'aa, na minyoo wangu wakaacha kufungua mashada, maana kile Faki anachokiita uchafu ndicho wanachokula, vijichembe vinavyoelea, na chaza hali kadhalika. Kisha ikaja kazi ya nguo za sikukuu, nikasahau kuisafisha ile sponji, ikaoza humo humo, nyumba ikanuka mpaka mama akadhani kuna panya kafia darini. Nikaitoa, nikaitupa, nikasema basi, mawe na mchanga vitafanya kazi yao kama vinavyoifanya huko nje, wala huko nje hakuna mtu anayefua sponji. Maji yakabaki na ukungu kidogo, na kila kilichomo kikanawiri. Nikaridhika. Uamuzi ulikuwa wangu, na ulikuwa sawa, na ningebaki nao hapo leo tusingekuwa na hadithi.

Ikaja posa. Mie nilishaolewa nikaachika, na kwa umri wangu posa haiji kwa kubisha hodi mara mbili, kwa hiyo mama aliipokea kama mvua ya vuli. Mwenyewe ni Hamad wa Mkoani, alikuja kushonesha kanzu, akasimama mbele ya tangi mpaka nikamaliza kumpima na bado hajageuka. Akaniuliza yule mnyoo jina lake nani! Nilimtaka Hamad, sifichi, mwanamke mzima nifiche nini. Na tangi langu nililitaka. Mama yeye aliona havikai pamoja. Shangazi yake Hamad, Bi Zuwena, ndiye angekuja na wanawake wenzake kututazama, na mama akaniambia mapema, "Riziki, wageni wale wakilicheka dude hilo, mie siku hiyo hiyo namwita Faki alivunje. Sikosi mkwe kwa ajili ya konokono."

Siku yenyewe asubuhi nyumba imefagiliwa, ubani umefukizwa, na jikoni yupo Mama Mdogo Saumu, mdogo wake mama, ambaye harusi hapa Wete haijawa harusi mpaka yeye ashike mwiko. Mama akapita sebuleni, akainama kwenye tangi, akasema, "Maji haya kama ya kuoshea mchele. Ndiyo atakayoyaona Bi Zuwena?" Akaenda zake. Nami (hapa ndipo nilipopotea, wala si penginepo) nikainama nikayatazama kwa macho ya mgeni, na kweli nikaona haya. Nikasema nitayachuja kwa leo tu, wageni wakiondoka natoa. Sponji sina, nimeshaitupa. Nikaingia jikoni, nikakiona kifumbu cha Mama Mdogo kimetundikwa msumarini, kile cha ukindu cha kukamulia nazi, na akili yangu ikaniambia, kitu kinachochuja tui kitashindwa na maji?

Nikakitwaa. Nikakifunga kwa uzi wa cherehani kwenye mdomo wa mpira, maji yakawa yanapita ndani yake ndipo yadondoke tangini. Na nikwambieni kweli, yaliitika! Haikupita muda maji yakawa meupe pe, samaki ungedhani wametundikwa hewani. Mama akapita tena, akasema, "Si ungefanya zamani?" Nikajiona fundi kuliko Faki.

Huku jikoni nasikia, "Nani katwaa kifumbu changu? Saa hizi kilikuwa hapa!" Nikajitia kushona. Nilisema moyoni kidogo tu nitamrejeshea. Wali akaupika kwa tui la kichujio cha plastiki huku akinung'unika, ila pweza alimweka kando, maana tui zito la pweza, alisema kwa sauti ya kusikiwa mtaa wa pili, yeye halikamui kwa plastiki hata angekuja nani.

Wakaja. Bi Zuwena ni mtu wa maungo, sauti yake ya kuitia watu ng'ambo, na wenzake wakamwachia kiti kizuri, na kiti kizuri mama alikiweka wapi? Mbele ya tangi, sasa kwa kuwa linatazamika.

"Hino ndiyo bahari aliyotwambia Hamad?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, Bi Zuwena," mama akajibu, anajivuna kabisa, dude limeshakuwa letu sote.

Sasa kifumbu cha mpishi wa harusi kimekamua nazi kiasi gani tangu kilipozaliwa? Osha utakavyoosha, mafuta yamo kwenye ukindu. Nikaanza kuona povu. Kwanza pembeni kidogo, nikadhani macho yangu, kisha likatanda, likapanda, likawa linachungulia juu ya kioo. Bi Zuwena akalitazama, akanitazama.

"Mwawaogesha kwa sabuni?"

Kile kifumbu kilikuwa kimekamata uchafu wa miezi, kimeziba, kimeumuka kama andazi, na maji ya pampu yakitafuta njia yakauchomoa mpira tangini, ukaruka juu, uzi ukakatika, ukamgeukia Bi Zuwena kana kwamba umeagizwa. Ushungi, kifua, mapaja, vyote. Maji ya bahari, na povu la nazi, na matope ya chini ya mawe. Wenzake wakapiga yowe. Mie nikazima pampu, nikaleta kanga, mama anaomba radhi kwa lugha zote, na katikati ya purukushani nikakiokota kifumbu, nikakificha chini ya kanga, nikakimbilia jikoni nikakitupa karoni. Mama Mdogo alikuwa nje anachukua kuni. Ningengoja nimwambie neno moja tu! Nikarudi kupiga deki.

Naye akaingia, akakiona. Nilimsikia mwenyewe, "Alhamdulillahi, kumbe kipo hapa!" na mie nipo magotini na tambara, maneno yakapita sikioni yakatokea upande wa pili, kwa sababu nilikuwa nashughulika na aibu moja, sikuwa na nafasi ya nyingine.

Tukala. Bi Zuwena kavishwa dera la mama linalomkaba, lakini kajikaza kiungwana, kala wali, kasifu achari, mama kaanza kupumua. Kisha akatia mkono kwenye pweza. Akatafuna. Sote tulisikia ule mlio wa mchanga. Akaacha kutafuna, akaingiza vidole kinywani taratibu, akatoa kitu akakiweka ukingoni mwa sahani.

Konokono. Mdogo, mwenye mstari wa njano. Nikamjua.

"Mpishi nani?" Bi Zuwena akauliza, hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Pweza huyu hakuoshwa."

Mama Mdogo Saumu alikuwa mlangoni kashika jagi la maji. "Mie, Bi Zuwena? Mie huyu? Pweza nimemwosha kwa mikono yangu..." Mwanamke aliyepikia nusu ya harusi za mji huu anatazamwa na wageni kama mchafu, na hata hajui amekosea wapi. Na hapo njia yangu ilikuwa nyeupe kuliko yale maji: konokono ni wa baharini, pweza ni wa baharini, nani angeuliza zaidi? Mama akanikata jicho. Jicho lile nalijua tangu utotoni, maana yake ni fumba mdomo uolewe.

Nilimwona Hamad kasimama mbele ya tangi anauliza jina la mnyoo. Roho iliniuma, wallahi iliniuma. Nikasimama.

"Hakukosa pweza wala mpishi," nikasema. "Konokono huyo ni wangu, nimemfuga mwenyewe. Kifumbu cha Mama Mdogo nilikiiba mie, nikakifunga kwenye tangi ili nyie muone maji meupe, ndicho kilichowarushia maji, na nikakitupa karoni bila ya kumwambia, naye kakisuuza akakamulia tui la pweza, konokono yumo ndani. Siku zote tangi hili halina filta. Halihitaji! Maji yake yana ukungu kwa sababu wamo wanaokula huo ukungu, na leo nimewanyima chakula chao niwafurahishe wageni, na matokeo ndiyo hayo."

Sikuishia hapo. Ningeishia hapo labda leo nimeolewa. Nikaendelea na sponji, na harufu, na minyoo kufunga mashada, naelekeza kwa kidole chenye mchuzi, watu wameacha kula (nani angekula?), mpaka mmoja wa wale wanawake akacheka puani, na mwenzake akamfuata, na Bi Zuwena akaomba maji ya kunawa.

Walipoondoka, mama aliingia chumbani akafunga mlango. Mama Mdogo akakaa jikoni na kifumbu chake mapajani, anakigeuza geuza.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ningekukataza, lakini ungeniomba." Kisha akanisaidia kubeba madumu, maana yale mafuta ya nazi hayakungoja mtu, ilibidi maji yote yabadilishwe kabla ya Magharibi, na tulipita mtaani mie na yeye na macho ya mtaa mzima yakitusindikiza. Samaki walipona. Minyoo walinuna siku kadhaa, kisha wakafungua mashada.

Mlidhani posa ilikufa pale? Bi Zuwena akapiga simu. Mama akaiweka sauti ya juu, kajaa furaha, na Bi Zuwena akasema mtoto wamemridhia, msema kweli hatupwi, ila sharti ni moja, lile dude asije nalo. Mama akanitazama, hakunikata jicho safari hii, akanisogezea simu tu.

"Bi Zuwena," nikasema, "nakuheshimu, na radhi yako naiomba tena kwa yaliyokupata. Lakini mimi nilijaribu mara moja tu kujisafisha ili nipendeze kwenu, na uliona kilichotokea. Sijaribu tena. Hamad aje mwenyewe, mlango uko wazi, na tangi litakuwa palepale alipoliacha."

Simu ikakatika. Huenda ilikuwa mtandao.

Hamad hajaja. Kanzu yake nimeimaliza, imetundikwa pale ukutani, na asipokuja nitaiongeza ubavuni avae Faki, ana tumbo. Mjini naitwa Bi Kifumbu, watoto wananiimbia nikipita, na naitika. Mama Mdogo siku hizi akienda kupika hubeba kifumbu chake ndani ya mkoba, na akija kwetu haukalii mbali huo mkoba, na sina la kumlaumu: mkono wangu hautagusa tena chombo cha mtu kwa ajili ya kupendeza macho ya mtu mwingine, hilo naliapa. Lakini sponji siweki, na filta siweki, na anayetaka maji meupe pe yapo mtungini, ateke anywe.

Mama siku ile ya simu aliniambia, "Basi zeeka na samaki wako." Akatoka. Akarudi, kasimama mlangoni, analitazama tangi na ukungu wake.

"Umewalisha?" akauliza. "Walishe basi. Wasije wakafa, ukakosa hata hao."