Mara ya Nne ya Serafina

Parokia imeazimia, na azimio limesomwa kwa kipaza sauti Jumapili mbili mfululizo, kwamba kuanzia Kwaresima hii kila muumini mwenye mahitaji maalumu atashiriki kikamilifu maisha ya Kanisa, na kwamba kamati ya watu saba imeundwa kulisimamia jambo hilo kwa karibu.

Serafina hakulisikia. Ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, na sasa ana ishirini na tisa. Kila Jumapili hukaa benchi la pili. Wenzake wakisimama husimama, wakipiga magoti hupiga, na wakienda kukomunika hubaki peke yake akiwashikia mikoba. Mara tatu ameshindwa mtihani wa komunyo ya kwanza, kwa kuwa mtihani ni wa kujibu kwa mdomo, na katekista Erasto hakuwa na mwingine.

Mara ya nne alikuja na Chausiku. Wawili hao wanauza chapati pamoja Old Korogwe tangu usichana wao, na wana lugha yao ya mikono ambayo hawakufundishwa na shule yoyote.

"Shikamoo katekista. Wewe uliza, mimi nitamwambia."

"Marahaba. Lakini Chausiku, wewe si Mwislamu?"

"Tangu nizaliwe. Uliza basi, chapati zinapoa."

Erasto akauliza. Majibu yalirudi upesi mno, hata akaingiwa na shaka.

"Haya anajibu yeye au unajibu wewe?"

"Mimi mambo yenu nitayajulia wapi?"

Likabaki swali la mwisho, analomwuliza kila mtu: ile hostia, nyeupe ya duara, anayotoa padre ni nini?

Chausiku alifikiri kidogo. Akaonyesha altare, kisha akapiga kiganja juu ya kiganja, kama wafanyavyo sokoni: ile chapati ya padre, ni nini?

Serafina akamkamata mikono. Akatikisa kichwa kama anayemkanya mtoto. Akanyoosha mikono yake pande mbili, akalaza kichwa begani, akakaa hivyo. Halafu akaikusanya mikono taratibu, akaiweka kifuani.

"Anasemaje?" Erasto aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

"Anasema nimekosea, si chapati. Hiyo nyingine sijaielewa, katekista. Hiyo ni ya kwenu."

Erasto alitafuta kalamu kwa muda mrefu. Ilikuwa mfukoni mwa shati.

Jumapili ya Pasaka Serafina alikomunika. Mikoba ya benchi zima aliishika Chausiku, ambaye tangu siku hiyo huja kila Jumapili na ushungi wake kumfikishia rafiki yake mahubiri, na hulalamika kwamba padre anarudiarudia.

Kamati ya watu saba bado haijakaa kikao cha kwanza.