Mlango Alioutengeneza Baba

Wiki aliyofariki mama, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa chuo kikuu nikisomea mtihani wa bakteria. Nilifika nyumbani Matinyani na daftari kwenye mkoba. Akina mama wa kanisa walikuwa wanalia. Mimi nikatafuta kiti, nikafungua daftari. Najua walivyonitazama. Wanitazame tu. Sikuwa nahisi kitu, hata njaa.

Nilikuwa nimefika pale pa protini. Bakteria huzitengeneza ndani yake, na nyingine ni lazima zitoke nje. Mlango wa kutokea ni mwembamba mno, protini hupita ikiwa imenyooka kama uzi. Shida ni kwamba ikiachwa peke yake hujikunja, na ikishajikunja haipiti. Kwa hiyo kuna protini nyingine, msindikizaji, inayoishika mapema kabla haijajikunja. Huifikisha mlangoni, huikabidhi kwa mtambo mdogo unaoisukuma nje, kisha hurudi kuchukua nyingine. Yenyewe haivuki. Ni vile sisi humsindikiza mgeni hadi barabarani, halafu tunageuka.

Baba alikuwa seremala, na jeneza la kununua alilikataa kabisa. "Mama yako hatalala kwa mbao za mtu mwingine," alisema. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kinavuja na mvua haikatiki, basi akaingiza mbao za mukau chumbani kwao, akajifungia siku mbili. Tulisikia randa na nyundo tu.

Siku ya mazishi pikapu ilikuja kubeba jeneza, twende mochari Kitui mjini tumlete mama. Wanaume wanne wakaliinua. Kwenye mlango wa chumba likakwama. Wakalilaza ubavu, wakalisimamisha, wapi! Korido ilikuwa nyembamba, jeneza halikuweza kukata kona. Dereva akapiga honi, maana mochari ilikuwa inafunga saa saba. Mjomba akasema tubomoe ukuta.

"Ng'oa misumari," nikasema.

Baba akanigeukia. "Wewe unajua nini kuhusu jeneza?"

"Sijui kitu! Lifumue, litoke mbao moja moja, uligongelee nje."

Nilimfokea baba yangu mbele ya mchungaji, na hata hilo halikunishtua.

Alilifumua mwenyewe. Mjomba alizipokea mbao, akazitoa moja moja akizishika zisichanganyike, akaziweka uani na kurudi kuchukua nyingine. Baba akaligongelea upya pale nje, watu wote wakimwangalia. Tulifika mochari mlinzi akiwa ameshashika kufuli. Mama alizikwa siku hiyo hiyo.

Jioni, watu walipoondoka, nilimkuta baba amesimama kwenye ule mlango, anaupima kwa shubiri. Ni yeye aliyeutengeneza walipooana. Nusu ya milango ya Matinyani ni kazi ya mkono wake.

"Nilipima kitandani, pale anapolala," akasema bila kunitazama. "Mlango sikuupima. Sikufikiria kwamba anatoka."

Nilimhurumia. Nilitaka kulia naye, haki ya Mungu nilitaka, lakini chochote kilichokuwa ndani yangu kilikuwa kimeshajikunja. Nikamshika mkono. Pale tuliposimama kitanda kilionekana, upande mmoja umetandikwa. Hatimaye akaingia. Mimi nikabaki nje, nikarudi kuosha vikombe.