Mjukuu Wangu na Afande wa Jirani

Juzi katika zahanati moja ya Ntinda, bwana mwenye viatu vya kung'aa alinipita kwenye foleni, akaenda moja kwa moja hadi dirishani. Mimi nikasogea kumpisha. Mjukuu wangu wa miaka minane alibana visigino, akainua kidevu, akamwita bwana kwa lugha yetu, akamwambia taratibu, "Ssebo, foleni inaanzia kule nyuma. Jjajja wangu huyu, bibi yangu, alikuwa mbele yako."

Wala hakupiga magoti, kama wasichana wa kwetu wanavyofanya mbele ya wakubwa. Na tangu ajue kutembea ninamwambia kama mama yangu alivyoniambia: "Msichana, magoti kwanza, halafu useme."

Bwana akacheka. "Haya afande, nimesikia." Akarudi nyuma.

Nikavitambua visigino vile na kidevu kile. Ni vya jirani yetu, mama askari polisi, ambaye mtoto humkodolea macho kila asubuhi akifunga mkanda. Nikaona wivu, wasomaji wangu. Chakula anakula kwangu, mwendo anachukua kwa jirani.

Njiani nikamuuliza, "Nani amekufunza kusema vile?"

"Afande."

Nilitamani aongope kidogo, aseme ni mimi. Lakini kuongopa sikumfunza.