Mwisho wa Kitabu cha Konsolata

Ulikuwa mwaka wa majimbi. Mihogo ilioza mashambani Nyakabuye yote, tukala majimbi asubuhi, majimbi jioni, mpaka koo zikawasha. Hata leo nikisikia harufu ya majimbi yanayochemka, namwona dada yangu mukubwa Konsolata amekaa mlangoni, kitabu magotini, na sisi, bamama na batoto, tumezunguka rundo la maharagwe tukipukuchua. Kwetu anayesoma hapukuchui. Kikapu chake tunamjazia.

Alikuwa amemkimbia bwana yake Bukavu, akavuka daraja la mpakani na nguo ya mwilini na kile kitabu. Wiki ya pili bakwe zake wakaja kumchukua, wameleta mtungi wa pombe ya ndizi. Baba akiionja tu, kesi imekwisha, mwanamke anarudi. Siku ile hakuionja. Mtungi ukakaa pembeni mwa nyumba, unatoa povu.

Hadithi ya kitabu ilikuwa ya mwanamke anayepigwa na bwana yake. Ukurasa wa mwisho Konsolata aliusoma amesimama. Wanamfuata yule mwanamke nyumbani kwao, naye anawaambia: "Sirudi kule. Munipige, munitukane, sirudi."

Mikono yetu ikasimama. Shangazi akacheka: "Aa, huyo ni maharagwe ya mwaka jana! Hata umupike siku mbili, haivi!"

Mama hakucheka. Ndani, karibu na mtungi, baba alikohoa.

Jumapili baba alikunywa. Konsolata akavuka daraja. Mwaka uliofuata walituletea nguo zake kwenye kikapu. Kaburi liko ng'ambo. Nilikuwa na miaka tisa. Sikulia. Niliendelea kuosha majimbi.

Juzi mujukuu wangu Divine, mwalimu wa Kamembe, niliyemsomesha mimi mwenyewe kwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, akaniwekea filamu iliyotolewa katika kitabu kile kile. Jina la kitabu sikulisahau. Mvua ya mule ni mvua kweli, inapiga mabati mpaka nikajivutia kitenge. Na yule mama mkwe, jicho lile! Nilitaka kumtemea mate. Lakini mwanamke mwenyewe anapukuchua maharagwe na kucha ndefu zilizopakwa rangi. Na mawazo yake, ambayo kitabu kilitupa moja moja, wameyafunika na muziki. Halafu mwishoni akabeba kikapu chake, akarudi kwa bwana.

"Waongo!" nikasema. "Mwisho wameuharibu. Kitabuni alikataa."

Divine akakitafuta kitabu, akanisomea ukurasa wa mwisho mara mbili, maana nilimwambia anaruka mistari. Yule mwanamke anarudi. Neno la kukataa hakuna.

"Koko, bibi yangu, filamu haikudanganya."

Nilikwenda kuepua sufuria.

Mimi niliishia darasa la pili. Nilidhani kila kinachotoka kinywani mwa anayesoma kimetoka kwenye karatasi. Baba, ambaye hata darasa la kwanza hakuliona, alidhani vivyo hivyo. Kumbe Konsolata alikuwa anaongea na baba, mlango wazi, mbele yetu sote.

Basi, filamu yao ni ya kitabu, wabaki nayo. Mimi nina mwisho wangu, ninaujua bila kusoma: "Sirudi kule. Munipige, munitukane, sirudi."